Picha ya Kifutu Juu ya Tawi

Hotuba ya mpiga picha wa kituo cha utafiti wa nyoka, siku ya kuagwa kwake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mkurugenzi, wajumbe wa bodi mliokalia viti vyenye vitambaa, wakuu wa idara mliokalia viti visivyo na vitambaa, walimu na wanafunzi mliotutembelea, kina mama wa kantini mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, walinzi wa geti, na ndugu zangu wa damu mnaoshangaa kuniona nimevaa gauni na viatu vya kisigino: nawasalimu wote.

Wasemaji walionitangulia wamesema itifaki imezingatiwa. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu leo sitaizingatia. Mshereheshaji amenipa dakika kumi, na namwomba radhi mapema, maana zitapita. Mwenye kutaka kutoka nje atoke sasa, asije akaondoka katikati akadhani nimekasirika kwa sababu yake. Nimekasirika tayari.

Nitawaambia kwa nini. Mkurugenzi wetu ametoka kunisifu hapa hapa. Amesema mkono wangu haujawahi kutetemeka. Amesema picha zangu zimekifanya kituo hiki kijulikane kwa watu ambao hawawezi hata kulitamka jina lake. Halafu akasema, nanyi mkapiga makofi, kwamba nimepiga picha za nyoka kwa miaka ishirini na saba bila ajali hata moja. Nilikuwa nimekaa pale na soda yangu mkononi. Niliiweka chini, nikaogopa nitaivunja chupa.

Kisha wakavuta pazia wakanionyesha zawadi yangu. Mnaiona. Ni picha ya kifutu juu ya tawi lenye ukungu wa kijani, upana wa mita moja, fremu ya rangi ya dhahabu. Picha hii ilishinda tuzo, ikawa jalada la kalenda, na sasa iko kwenye bango lililopelekwa shuleni na hospitalini. Niliipiga mimi. Hakuna picha ninayoichukia zaidi ya hii, na kati ya picha elfu kumi na nne zilizoko kwenye makabati yetu, hii ndiyo waliyoichagua.

Kwenye mkoba wangu kuna hotuba nyingine, ya shukrani, kurasa tatu. Dada yangu aliisahihisha jana akiwa amevaa miwani. Dada, unisamehe, haitoki mkobani. Kuna bahasha pia, ambayo nilikusudia kumpa Mheshimiwa Mwenyekiti kimya kimya baada ya keki. Nilitaka kuondoka kwa adabu. Lakini mtu akikuambia mbele za watu mia mbili kwamba hakuna aliyeumia, na aliyeumia amekaa mstari wa pili, adabu hiyo ni ya nani?

Ndiyo, amekaa mstari wa pili. Mstaafu hupewa viti vinne vya ndugu. Kimoja nimempa dada yangu, kimoja mume wangu, kimoja binti yangu. Cha nne amekalia mtu ambaye kwenye orodha nimemwandika kaka. Mlinzi wa geti alimtazama mara mbili, akanitazama mimi, akanyamaza, na Mungu ambariki kwa kunyamaza. Ni dereva wetu wa miaka kumi na tisa, yule tuliyekuwa tukimwita Kobe, kwa sababu huzunguka gari mara mbili kabla ya kuliwasha na hupunguza mwendo hata akiona kivuli barabarani. Alifukuzwa kazi hapa mwaka mmoja na nusu uliopita. Jumatatu bodi inakaa kuipitia rufaa yake ya maandishi kwa mara ya mwisho, na ushahidi mkubwa uliopo dhidi yake una saini yangu.

Sasa wanafunzi. Ratiba mliyopewa inasema kwamba katika sherehe hii mtajifunza kwangu namna ya kumpiga picha nyoka wa porini kwa usalama, na picha ikatoka nzuri. Msidhani nimewasahau kwa hasira zangu. Nitawafundisha, na mkinisikiliza vizuri mtaelewa nimekasirikia nini.

Nilipoanza kazi hii marehemu shangazi yangu alishika kichwa. Aliniambia, "Mwanangu, wenzio wanapiga picha maharusi, wewe nyoka. Utaolewa na nani?" Nikamjibu kwamba maharusi hulalamika wametoka wanene, nyoka hajawahi kulalamika. Mume nilimpata, yule pale, na yeye ndiye analalamika. Lakini mwaka wa kwanza sikuwa na picha moja ya maana. Nilikuwa na mikia. Nilikuwa na majani yaliyotikiswa na nyoka aliyekwisha kwenda zake. Nilidhani nyoka wananikimbia kwa ubaya wao, kumbe niliwafuata kwa pupa, nawakatia njia, naingiza lenzi kwenye shimo lao. Wewe ungekaa upigwe picha na mtu aliyeziba mlango wa nyumba yako?

Andikeni basi. Nyoka hafuatwi. Unajua anakopita, unafika mapema, jua la asubuhi likiwa bado la upole, wakati ametoka kujipasha joto na hana haraka ya kwenda popote. Unamwachia njia ya kuondokea, na wewe unajiachia yako. Ukitaka kuonekana kama uko karibu, nunua lenzi ndefu, usiongeze mguu. Kadiria urefu wake, uuzidishe mara mbili, kisha urudi hatua nyingine moja kwa ajili ya ujinga wako. Vaa buti, vaa suruali nzito. Shuka chini ukiweza, maana picha iliyopigwa kutoka juu humfanya nyoka aonekane kamba iliyotupwa, lakini usilale kifudifudi mahali usipoweza kuinuka upesi. Lenga jicho. Jicho likitoka safi, mengine yote watu watakusamehe. Ukiinua jiwe, lirudishe ulivyolikuta. Usimguse, usimchokoe, usimpulizie ili ageuke. Baada ya dakika chache sema asante uondoke, hata kama hujapata kitu, kwa sababu uliyemfuata ni mwenye makazi na wewe ni mgeni.

Na la muhimu kuliko hayo yote: nyoka wa porini hapigwi picha na mtu mmoja. Ukiweka jicho kwenye kamera, huoni tena. Unaona jicho la nyoka, unaona magamba, unaona mwanga unavyocheza, na huoni kwamba umesogea. Kamera inakudanganya umbali. Lazima uwe na mwenzako asiye na kamera, asiye na simu, asiye na kazi nyingine duniani ila kumtazama nyoka na kukutazama wewe. Sisi tunamwita mwangalizi. Mwangalizi ana neno moja tu: toka. Akisema toka, unatoka. Huulizi kwa nini, husemi subiri nimalizie moja. Hata kama picha iliyo mbele yako ndiyo uliyozaliwa kuipiga, unaiacha unatoka.

Mwangalizi wangu kwa miaka kumi na tisa alikuwa huyu dereva. Haikuwa kwenye mkataba wake. Mkataba unasema aendeshe gari, aoshe gari, ajaze kitabu cha safari. Siku ya kwanza tulipokwenda porini alikataa kubaki garini. Alisema, "Mama, nikurudishe nyumbani kwa mumeo vipande vipande, nitamwambia nini?" Akashuka, akasimama nyuma yangu, na hakuacha kusimama hapo. Mwaka wa sita wa kazi yetu nilikuwa nimepiga goti mbele ya swila aliyeinua kichwa, mzuri ajabu, shingo imetanuka, nyuma yake mawingu. Nikamsikia Kobe akisema, "Mama, toka." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekukaribisha chai. Nikatoka. Hatua tano nyuma akanionyesha: swila wa pili alikuwa amepita ubavuni mwangu, mkono mmoja kutoka kwenye buti langu. Nisingetoka, leo mngekuwa mnasherehekea mstaafu mwingine.

Huyo ndiye mtu ambaye taarifa ya kituo chetu inasema alimchezea nyoka.

Tulieni, nafika huko. Kwanza nizungumzie friji, maana wakuu wa idara wameanza kutazama viatu vyao.

Wageni waalikwa hamjui, kwa hiyo niwaeleze. Ndani ya stoo yetu, kwa nyuma, kuna friji kuukuu ambalo mlango wake haushiki, tunaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Humo ndani hakuna chakula. Kina mama wa kantini waliwahi kulikataa mbele ya Mkurugenzi na hawataki hata kulifuta vumbi, na wana akili kutuzidi. Friji hilo ni la kupoozea nyoka. Nyoka hana joto lake mwenyewe, hutegemea jua. Ukimtia kwenye boksi la plastiki, ukamweka kwenye baridi dakika arobaini na tano, anakuwa mzito, hawezi kukimbia, hawezi kugeuka. Unamtoa, unamweka juu ya tawi au ua unalotaka, unampanga kichwa na mkia, unapiga picha yako umestarehe. Kanuni za kituo zinakataza. Zimebandikwa ukutani mita mbili kutoka kwenye friji lenyewe.

Mtaambiwa kwamba ni desturi tuliyoikuta, haina mwenyewe. Si kweli. Mwenyewe ni mimi. Mwaka wangu wa nane hapa walikuja wageni wa gazeti, wakataka picha ya ukukwi, yule nyoka wa kijani wa mitini, ndani ya saa moja, na ukukwi hakutulia. Nikakumbuka nyoka wanavyokuwa wazito asubuhi za baridi. Nikamtia kwenye friji. Picha ikatoka imetulia, kijani kinang'aa, wageni wakanipigia makofi, na sifa ni tamu, jamani, tusidanganyane. Sikumwambia mtu kwamba yule nyoka alichukua siku mbili kurudi hali yake. Mwezi uliofuata nikafanya tena. Baadaye ikawa kazi: nyoka anaingia, unabandika karatasi juu ya kifuniko cha boksi, unaandika saa aliyoingia na saa atakayokuwa tayari. Mwandiko kwenye vibandiko hivyo ulikuwa wangu. Watu wa kituo hiki waliuamini kuliko saa ya ukutani, na mshikaji wetu wa nyoka aliacha hata kutumia fimbo ya ndoano, maana nyoka aliyepoa anabebwa kwa mkono mtupu. Nyoka aliyepoa hakuridhia kupigwa picha, wanafunzi. Ameshindwa tu kukataa.

Basi siku ile ilikuwa Jumatano, na bodi ilikuwa inakuja saa nane mchana. Ndugu Mkurugenzi alitaka picha ya kifutu ya jalada la kalenda, bodi iione ikiwa bado ya moto. Kifutu tulikuwa naye, alikamatwa Jumatatu kwenye uzio wa shamba la jirani: mfupi, mnene, tumbo kama la mzee aliyeshiba. Nilisema twende tukampige picha nyikani asubuhi tukimrudisha. Nikaambiwa hakuna muda. Na kifutu ni nyoka wa chini, hulala kwenye majani makavu ukamkanyaga hujamwona, lakini Mkurugenzi alitaka tawi, kwa sababu tawi linapendeza. Mnaelewa sasa kwa nini nalichukia bango lile? Mtoto akiambiwa kifutu hukaa juu ya tawi, atatembea akitazama juu.

Saa tano na nusu nikamtia kifutu kwenye friji. Nikabandika karatasi, nikaandika: tayari saa sita na robo. Nikaenda studio kupanga taa. Saa sita kasoro dakika ishirini umeme ukakatika. Mimi sikujua, na mtajiuliza mtu anakosaje kujua umeme umekatika. Studio na ofisi za wakubwa ziko kwenye jenereta. Taa zangu hazikupepesa hata kidogo. Stoo haiko kwenye jenereta, kwa sababu ndani ya stoo hakuna mkubwa. Mkurugenzi alikuwa mjini, akachelewa, akarudi saa saba. Kwa saa moja na zaidi, mchana wa jua kali, yule kifutu alikuwa ndani ya boksi, ndani ya friji ambalo sasa ni kabati la bati la moto, juu yake kuna karatasi yenye mwandiko wangu inayosema tayari.

Na kifutu, mjue, hatapatapi. Nyoka wengine wangegonga kifuniko. Kifutu kazi yake maisha yote ni kutulia asionekane. Kifutu aliyetulia na kifutu aliyepoa, ukiwatazama, hakuna tofauti.

Mshikaji wa nyoka alikuwa likizo. Mkurugenzi akatazama huku na huku, akamwona dereva ametoka kumshusha yeye mwenyewe. Akasema, na nayarudia maneno yake kama yalivyo, "Kobe, wewe umezoea hawa wadudu, tuletee huyo, umweke hapo juu." Kobe akaenda, akaleta boksi studio, akalishika kifuniko. Akaniambia, "Mama, hili boksi mbona si la baridi?" Nilikuwa nimeinama nafunga lenzi. Nikamwambia, "Soma kibandiko." Mkurugenzi akasema, "Twende, twende, bodi iko njiani." Kobe akasoma. Akasema, "Haya, mama, kama umeandika wewe."

Aliumwa kwenye mkono wa kulia, kati ya kidole cha shahada na cha kati. Sitawasimulia njia ya hospitali, aliyeendesha gari siku hiyo nilikuwa mimi, na yeye aliyekuwa ananiambia nipunguze mwendo kwenye kona ndiye aliyekuwa anakufa. Dawa ya sumu ilipatikana, akapona. Mkono ulivimba mpaka begani. Siku ya tisa daktari alivikata vidole viwili kwa sababu vilikuwa vimeoza.

Siku ya tatu, kabla daktari hajakata, niliitwa ofisini. Taarifa ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Naikumbuka yote, haikuwa ndefu. "Dereva, akiwa hana kazi kwa wakati huo, alifungua boksi la nyoka bila kutumwa na mtu yeyote, akaanza kumchezea. Kituo kinasikitika." Friji halimo. Tawi halimo. Kibandiko hakimo. Mkurugenzi hayumo. Chini palikuwa na mstari wa shahidi. Ndugu Mkurugenzi aliniambia, "Mama, friji likitajwa tunafungiwa wote. Na wewe umebakiza mwaka na nusu." Alinimiminia chai mwenyewe. Naona unatikisa kichwa, Ndugu Mkurugenzi. Ulinimiminia chai, ukaniwekea sukari mbili.

Nikasaini. Msije mkasema mama wa watu alidanganywa, hakusoma. Nilisoma. Nilisoma mara mbili, nikasaini, nikamaliza chai.

Tangu hapo huyu bwana amepeleka maombi ya kazi sehemu saba. Kuendesha anaendesha, vidole vitatu na mkono mzima wa kushoto vinamtosha, alipimwa akafaulu. Lakini kila anakoomba wanapiga simu hapa kuuliza habari zake, na hapa wanasomewa taarifa. Nani atampa gari la watoto wa shule dereva anayechezea nyoka? Kwenye usaili mmoja walimwuliza kama atakuja na nyoka wake kazini, wakacheka, naye akasubiri wamalize kucheka, akawaaga kwa heshima akaondoka.

Nilikwenda nyumbani kwake mara moja tu. Mke wake alinikaribisha, akaniletea maji, akakaa mbele yangu. Hakunitukana, na bora angenitukana. Aliniuliza, "Wifi, wewe ulikuwepo. Hebu niambie kweli, mume wangu alikuwa anacheza?" Nilikunywa maji yote, nikasema nimechelewa, nikatoka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hivyo ndivyo tunavyosema. Mimi nilimnyonga na haki yake nikakaa nayo mkobani mwaka na nusu, nikihesabu miezi ya kustaafu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naifungua bahasha. Kitu cha kwanza ni picha ya kifutu kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla ofisi ya mawasiliano haijaikata ili ienee kwenye kalenda. Naomba ipitishwe kwenye mistari. Msiishike kwa mikono yenye keki. Tazameni kona ya chini kushoto. Mnaona mkono? Hakuna mtu anayecheza pale. Ni mtu anaweka nyoka juu ya tawi, chini ya taa nne za studio, amegeuza uso kunisubiri mimi nimwambie sawa. Vidole vile viwili vilikatwa mara mbili: daktari alivikata kwa sababu vimeoza, na sisi tukavikata kwa sababu havipendezi.

Sasa tazameni ulimi. Waamuzi wa tuzo waliandika kwamba picha hii ina uhai wa ajabu, kwa sababu ya ulimi. Wanasema kweli. Nyoka aliyepoa hatoi ulimi namna ile. Nyoka anayetoa ulimi vile amechangamka, ananusa mkono ulio karibu naye. Hakuna mtu katika jengo hili anayelijua hilo kuliko mimi.

Na mimi niliuona. Hili sijamwambia mtu, hata mume wangu. Niliuona ulimi kupitia lenzi, wazi, na nikaelewa hapo hapo. Siku ile Kobe ndiye aliyekuwa mbele na mwangalizi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa na neno moja la kusema, lile lile aliloniambia yeye mbele ya swila, na nafasi ya kulisema ilikuwepo. Ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Nikaona picha itakuwa nzuri. Nikabonyeza.

Hiyo ndiyo picha mliyoninunulia fremu ya dhahabu. Siichukui. Ishusheni leo, na kwenye shule na hospitali piganieni ishushwe.

Kitu cha pili kwenye bahasha ni maelezo yangu mapya, nimeyaandika kwa mkono wangu ili mwandiko ufanane na wa kibandiko, ambacho pia kimo humo, nilikibandua kwenye boksi nikakificha. Nimeandika nani alianzisha friji, nani alimtuma dereva, nani aliandika tayari, nani aliona ulimi akanyamaza, na kwamba saini yangu kwenye taarifa ya kituo ni saini ya uongo. Kama kwa ajili hiyo kuna adhabu, naishi mtaa ule ule, mnanifahamu nyumbani. Kama kwa ajili hiyo mtanifutia sherehe, keki imekwisha kukatwa. Ninachotaka ni kimoja: Jumatatu mkikaa, mtu huyu arudishiwe jina lake kwa barua, na barua hiyo isomwe kwa kila atakayepiga simu.

Naona Mheshimiwa Mwenyekiti umesimama. Nashukuru, mama, pokea bahasha, na picha utaletewa ikimaliza mistari. Kuna swali unataka kuniuliza, nakuona, lakini tafadhali usiniulize mimi. Nimehojiwa mara tatu juu ya siku ile, na Mkurugenzi amehojiwa, na mtunza stoo amehojiwa, hata mtu wa bima alikuja na daftari. Nimepekua jalada lote. Aliyeumwa hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza mimi. Kaka, panda huku juu, njoo taratibu tu, kipaza sauti hiki hapa. Waambie: siku ile ilikuwaje?